Betri Zikae kwa Jovita

4 Oktoba
Petroli imepanda tena. Jana jioni nilipanga foleni na mji mzima ili nijaze kwa bei ya zamani. Nilipoifikia pampu, mhudumu akaniambia mafuta yamekwisha. Leo asubuhi yapo tele, kwa bei mpya.

6 Oktoba
Nimekwenda kwa Regina kununua vitumbua. Nimekwenda na gari. Regina anauza pale kona ya barabara kuu, na ukipiga chafya nyumbani kwangu yeye anakuombea afya. Nimewasha gari, nimerudi kinyumenyume, nimegeuza, nimefika, nimenunua, nimerudi. Regina akaniuliza kwa upole kama naumwa miguu.

Mimi ndiye ninayewafundisha watoto wa watu habari za nishati na kazi.

8 Oktoba, Jumapili
Leo tumefunga mkataba, na nataka niuandike wote wakati bado nacheka.

Baada ya kanisa Jovita alituita kwake kula. Jovita ni mwalimu wa Hisabati shuleni kwetu Kidahwe, mtu wa Karagwe, na tangu nihamishiwe Kigoma ndiye dada yangu, kwa sababu dada zangu wa tumbo moja wote wako Same na hawapigi simu bila shida. Tunaishi mtaa mmoja hapa Katubuka. Alikuwepo mumewe Gaudensi, afisa wa halmashauri. Alikuwepo Edson, tabibu kijana wa zahanati ya Kidahwe, ambaye waya za simu hazitoki masikioni. Na alikuwepo Feliksi, bwana ugani, Muha wa hapa hapa, anakaa Kasingirima. Wanne tunaofanya kazi Kidahwe, tuna magari manne, na kila asubuhi tunafuatana barabarani kama msafara wa harusi, kila mtu peke yake na kiti cha pembeni kimebeba mkoba.

Tukala ugali wa muhogo na migebuka, samaki wa ziwani, kwa mawese. Jovita akaeleza: twende na gari moja, kila mtu wiki yake. Edson akasema, "Fresh tu, madam, ila tutaweza? Mimi nikiona ufunguo mezani nishaondoka."

Jovita alikuwa na jibu. Kila mtu afungue betri ya gari lake alete kwake, zikae stoo. Mwenye zamu anachukua yake Jumapili jioni, anairudisha Ijumaa. Gari lisilo na betri halimshawishi mtu kwenda kununua vitumbua. Alisema hivyo akiniangalia, maana Regina hana siri.

Tulicheka, lakini tulikubali. Jovita akatuomba tushikane mikono na akasali, akaomba tusiachane bei ikipanda wala ikishuka. Machozi yalimtoka kidogo. Yangu pia.

Feliksi hakusema amina. Alisema, "Mimi nawaambia mapema. Bei ikishuka narudi kwenye gari langu. Nisije nikaonekana mtu mbaya baadaye." Nilimwona mtu wa ovyo, anayekula migebuka ya watu na kuharibu sala.

10 Oktoba
Fundi Meshack amepita kila nyumba kufungua betri. Yangu ni mpya, nimeinunua Agosti, basi nikaipaka rangi ya kucha nyekundu kwenye ubavu. Jovita alicheka mpaka akakaa chini. "Mpare huyo. Kesho atatushtaki mahakamani kwa sababu ya maji ya betri." Wameziweka juu ya ubao, Meshack anasema sakafu ya saruji inazimaliza. Mimi kama mwalimu wa Fizikia ningeweza kubishana naye, lakini ubao haukuwa na gharama.

16 Oktoba
Wiki ya Feliksi. Kila akiona mteremko anazima injini na kuachia gari liteleze. Nikamwambia breki zinakuwa ngumu injini ikizimwa, na usukani unaweza kujifunga. Akasema, "Mwalimu, gari hili nalijua kuliko mke wangu." Na kwa kuwa gari limenyamaza, anawasikia watu wote wa pembezoni, na wote anawajua. Anasimama kabisa, anatoa mikono dirishani na kupiga makofi yale ya taratibu ya salamu za Kiha. "Mwakeye." "Mwakeye." Anauliza habari za nyumbani, za ng'ombe, za muhogo. Nilikuwa nahesabu nguzo za umeme ili nisiseme neno.

23 Oktoba
Mvua ya kwanza. Vumbi limelala.

2 Novemba
Nimekwenda sokoni kwa miguu na kurudi. Miaka yote hii nilikuwa nasalimia watu kwa honi. Leo nimejua kwamba mama ninayempigia honi kila siku pale kwenye mashine ya kusaga ni kiziwi. Mwanaye ndiye aliyeniambia. Alikuwa ananipungia mkono kwa sababu aliliona gari.

Mvua ilipokata, milima ya Kongo ikaonekana ng'ambo ya ziwa wazi kabisa. Kumbe kutoka pale njiani inaonekana. Sikuwahi kugeuza shingo.

13 Novemba
Wiki yangu, na Vitz yangu imezama kwenye tope pale njia ya kuingilia shuleni. Edson alisukuma na viatu vyake vyeupe. Feliksi alisukuma na kuimba. Jovita alikaa kwenye usukani, mimi nikasukuma na sketi ya ibada nimeikunja hadi magotini, na wanafunzi wangu wa Kidato cha Tatu wanaangalia. Sijawahi kuaibika kwa furaha namna ile.

20 Novemba
Malaria.

24 Novemba
Bado dhaifu. Jovita amekuja kila siku asubuhi kabla ya kazi na jioni baada ya kazi. Uji, maji ya kuoga, dawa. Jana alinifulia mashuka kwa mikono yake, mvua ikinyesha, akayaanika ndani ya chumba kwenye kamba aliyoifunga mwenyewe. Nilimwambia, "Dada, acha." Akasema, "Nani wako mwingine hapa?" Ni kweli, sina mwingine.

8 Desemba
Shule zimefungwa. Kidato changu cha Tatu wanaingia cha Nne Januari. Ninao tangu wakiwa Kidato cha Kwanza, wakati walikuwa wanaandika neno "nguvu" na kulichorea misuli. Mkuu wa shule, Mwalimu Pastory, ametangaza kwamba mwakani Kidato cha Nne watakuwa na kipindi cha alfajiri kabla ya paredi, na mwalimu akichelewa darasa atapewa mwingine. Sina wasiwasi. Tangu Oktoba hatujachelewa.

17 Desemba
Jovita na Gaudensi wamekwenda Karagwe kula Krismasi. Walisema watapanda basi, lakini leo wameondoka na gari lao, ile Noah. Betri yao imechakaa, nikauliza itafika? Gaudensi akasema fundi amewasaidia. Wameniachia funguo za nyumba nilishe kuku na nimwagilie mboga. Stoo tu ndiyo wameifunga.

25 Desemba
Krismasi njema kwangu na kuku wa Jovita.

3 Januari
Bei imeshuka kidogo. Jovita amerudi, ameniletea kahawa ya kutafuna na senene, wale panzi wa kukaanga wa kwao. Senene nimewala wote kwa kikao kimoja na sioni haya.

7 Januari
Kesho shule zinafunguliwa, na wiki hii ni zamu yangu. Nilipokwenda kuchukua betri, Jovita akanikalisha. "Vitz yako ni ya chini, dada. Mvua hizi itakufa pale topeni. Iache ipumzike. Wiki yako tutakwenda na Noah, wewe weka mafuta." Nikaona nimependwa. Niliandika hapo juu kwamba sina mwingine, na leo narudia.

15 Januari
Edson ameanza kwenda na gari lake. Anasema ni zamu za dharura zahanati. Leo jioni dharura ilikuwa imekaa kiti cha mbele, imesuka nywele vizuri.

7 Februari
Bei imeshuka, na safari hii imeshuka kweli. Mji mzima unanguruma. Nilikuwa nimesahau kelele hizi. Hadi jirani yangu aliyekuwa anakwenda msikitini kwa miguu amerudi kwenye gari, na msikiti anauona kutoka sebuleni.

9 Februari
Feliksi amekuja kwangu jioni, mvua ikimchuruzika, kuniambia kwamba kuanzia Jumatatu anakwenda kwenye gari lake. "Nilisema mapema, mwalimu."

Nilimwambia mengi. Nilimwambia kwamba mkataba ni mkataba, kwamba alisukuma gari langu topeni na mimi nikamwona ndugu, kumbe alikuwa anasubiri tangazo la bei. Nilimwambia watu wa namna yake ndio wanaoifanya nchi isiende. Alisikiliza yote amesimama mlangoni. Kisha akasema, "Na wewe chukua betri yako, mwalimu. Sisi wote tumeshachukua." Nikamwambia mimi na Jovita hatuvunji neno kwa sababu ya petroli. Akaaga vizuri, kwa makofi yake yale, na sikumwitikia.

12 Februari
Sisi wawili ndani ya Noah. Raha. Hakuna kusimama kusalimia ng'ombe wa watu.

19 Februari
Jovita hakupita. Nilisimama kwa Regina, anaponichukua kila siku, tangu giza. Nikapanda gari la abiria lililokuwa likisubiri kujaa, nikafika kipindi cha alfajiri kimekwisha. Jovita yuko ofisini anakunywa chai. "Dada, nilidhani Edson amekuchukua. Nilimwona pale mbele yangu." Edson nilipomuuliza, akasema alidhani niko na Jovita. Nimeelewa. Mambo hutokea.

20 Februari
Nimemwomba Jovita betri. Amesema ufunguo wa stoo anao Gaudensi, na Gaudensi yuko safarini Dodoma.

27 Februari
Imetokea tena. Mvua ilikuwa kubwa. Regina alinipa kiti na kipande cha turubai. Tuliiona Noah ikipita. Ilikuwa na mtu mmoja. Nilinyanyua mwavuli. Ikapiga honi, ikapita.

Nilijiambia hakuniona. Regina akasema, "Honi alimpigia nani sasa, mwalimu wangu?" Nilimjibu vibaya, na vitumbua vyake nikaviacha.

1 Machi
Gaudensi amerudi lakini ana mafua.

5 Machi
Mara ya tatu. Mwalimu Pastory aliniita. Hakunikaripia, ingekuwa afadhali. Alisema, "Mama Elinipa, wewe ni mwalimu mzuri. Lakini watoto wanakaa na giza wanakungoja, na mtihani haungoji." Darasa amempa Jovita. Anafundisha Hisabati, Fizikia anaimudu, na anafika mapema.

Nilimwomba anipe mwezi mmoja. Akasema ratiba imeshakwenda kwa wazazi.

Jovita alikuja mezani kwangu na kunishika bega. "Sikuomba, dada. Wamenipa." Nilimwambia najua. Niliendelea kusahihisha daftari lile lile kwa muda mrefu, na mwenye daftari alikuwa amepata zote.

9 Machi
Nimelia. Sijui kama ni kwa ajili ya darasa. Nawaza ile honi.

16 Machi, Jumamosi
Naandika yote.

Asubuhi nilikwenda kwa Jovita bila kupiga simu. Alikuwa kanisani, kwenye mazoezi ya kwaya. Gaudensi alifungua mlango, mafua yamepona. Nikamwambia nimefuata betri yangu. Akasema basi ningoje mama mwenye nyumba. Nikasema betri ni yangu, si ya mama mwenye nyumba. Nilikaa kwenye kiti cha barazani na nikamweleza kwamba kwetu Upareni tunaweza kukaa hivi mpaka kesho. Akachukua ufunguo kutoka mfukoni mwake. Ulikuwa mfukoni.

Juu ya ubao kulikuwa na betri moja. Imevimba ubavu, vichwa vyake vimeota unga mweupe. Haikuwa na nyekundu yoyote. Niliigeuza pande zote kama mtu anayetafuta kovu kwa mwanawe.

"Hii siyo yangu," nikamwambia.

"Labda rangi imetoka," akasema Gaudensi. Alisema hivyo, mtu mzima, afisa.

Nikaenda kwa Meshack. Alikuwa chini ya lori, nikamuuliza miguu yake. Miguu ikanijibu, "Ile ya rangi ya kucha? Mbona ipo kwenye Noah, mwalimu. Niliifunga mimi kabla hawajaenda Karagwe. Mama Jovita alisema mmeshaongea." Kisha akatoka chini ya lori akaniona uso. Akafuta mikono na kunivutia kibao nikae.

Basi kuku niliowalisha Desemba, niliwalisha wakati betri yangu iko Karagwe. Na Januari nilipoambiwa Vitz ipumzike, hapakuwa na kitu cha kuiamsha. Wiki ile niliweka mafuta kwenye gari lao, linalowashwa na betri yangu, na nikashukuru. Niliandika kwenye kurasa hizi kwamba nimependwa. Nimerudi kusoma. Ipo hapo, kwa mwandiko wangu mzuri.

Nilimngoja Jovita kwenye geti la kanisa lao. Alipotoka alinikumbatia kwanza, mazoea. Nikamuuliza. Hakukataa, hilo nimpe.

"Yetu ilikufa, dada. Gaudensi akasema tuiazime ya Elinipa, tukirudi tununue. Tukarudi, ada za watoto zikaingia. Ningekwambiaje?"

"Ungeniambia hivyo hivyo."

"Lakini ulikuwa unapanda humo humo. Si ulikuwa unapanda? Ulipungukiwa nini?"

Nilikuja na maneno ya wiki nzima na lile swali likayafunga yote, kwa sababu aliuliza kwa dhati, macho yake yananitazama kama siku ile ya mashuka.

"Na kunipita pale kwa Regina?"

Akainama akatengeneza kitambaa chake. "Nilichoka kungoja mtu, dada. Asubuhi nikiwa peke yangu kwenye gari ndiyo saa pekee ambayo hakuna anayeniita. Nilidhani utapata usafiri. Watu wote wanapata."

Sikupiga kelele. Nilimwambia kwamba ningempa betri ile hata kwa mwaka mzima kama angeniomba, na hilo ndilo linaloniuma. Kisha nikampigia Meshack, akaja na spana zake, akaifungua betri yangu kutoka kwenye Noah hapo hapo mbele ya kanisa, kwaya nzima inaangalia. Nyekundu ilikuwepo, haijafutika hata kidogo. Sasa kwaya yote inajua kwamba Mpare amekwenda kudai betri kanisani. Waendelee tu.

18 Machi
Vitz imewaka mara moja. Nimefika shuleni wa kwanza. Nilikaa ndani ya gari nikiwasikia Kidato cha Nne wakifanya zoezi ambalo siyo langu.

22 Machi
Nimemwomba Feliksi msamaha. Alikuwa shambani kwa mtu, ameinama kwenye mihogo yenye ugonjwa wa michirizi. Akasema, "Yaliisha siku ile ile mlangoni." Nikamwambia kwangu hayakuisha. Nikampigia makofi ya salamu, kwa makosa yangu yote ya mgeni, na akacheka sana.

26 Machi
Naambiwa Noah bado haijapata betri. Jovita anakwenda na Edson.

3 Aprili
Petroli imepanda. Imepita hata ile ya Oktoba. Kabla ya saa sita mchana, kwenye kundi letu la simu ambalo lilikuwa kimya tangu Februari, Jovita ameandika: "Jamani, turudini kwenye mpango wetu? Mungu ametukumbusha. Betri zikae kwangu kama zamani."

Nimeusoma ujumbe huo nikitafuta utani. Haupo. Edson ametuma kidole gumba. Niliandika "Sawa", nikafuta. Kidole kilikuwa kimeandika chenyewe. Mwishoni nimeandika: "Yangu inakaa kwangu."

Baadaye Feliksi amenipigia. Amesema shule zikifunguliwa anaweza kupanda bajaji hadi kwa Regina, wiki ya kwanza twende na gari langu, ya pili tuchukue lake. "Lakini mwalimu, nasema mapema."

"Bei ikishuka unarudi kwako," nikamwambia.

"Narudi kwangu."

"Basi saa kumi na moja na nusu," nikamwambia. Leo nitalala vizuri.

8 Aprili, Jumatatu
Shule zimefunguliwa. Mvua ya tangu alfajiri, ziwa halionekani. Nilimpakia Feliksi pale kwa Regina. Nilikuwa nakanyaga mafuta kuondoka nilipomwona Jovita chini ya turubai la Regina, kwenye kile kiti nilichopewa mimi, mkoba magotini. Edson alikuwa hajapita. Pengine alidhani amepanda na mwingine.

Nilikuwa nimeapa kwamba hatapanda gari langu tena. Nilikwisha kuapa Jumamosi ile mbele ya kanisa, na nilirudia kila siku nikipiga mswaki. Lakini miezi ile yote mguu wangu umezoea kupunguza mwendo pale pale, na ulipunguza wenyewe. Gari likasimama. Feliksi alitazama mbele. Regina naye akajifanya anageuza vitumbua.

Jovita akakunja mwavuli akaja moja kwa moja kwenye mlango wa mbele, wa kiti alichokuwa akikikalia zamu zangu zote. Alipomwona Feliksi akarudi nyuma, akaingia kiti cha nyuma, maji yakimtiririka. Mteremkoni Feliksi aliwapungia watu mkono tu, na mimi sikuzima injini.

Tulifika kengele ya alfajiri haijapigwa. Jovita akafungua mlango, akasema, "Asante, dada," akapandisha sketi isiguse tope, akaenda kufundisha darasa langu.